Mjusi Mwenye Ndevu Alikuwa Anakatwa Kucha na Nani Kabla Yetu?

Wasee, mnajua zile klipu za watu wakikata kucha za mjusi wao. Mjusi ametulia kwa mkono wa mwenyewe, macho nusu yamefungwa, halafu ncha za kucha zinakatwa moja moja. Kwa komenti watu wanacheka tu: mjusi anaenda saluni na wengine wetu tuko na zile kucha za Krismasi mpaka leo.

Sawa, tucheke. Lakini mimi kila nikiona hizo klipu kuna swali linanisumbua. Huyu mjusi alikuwa anakatwa kucha na nani kabla apate mwenyewe? Huko porini hakuna kikata kucha. Hakuna mtu wa kumshikilia mguu. Na bado mijusi wa porini hawatembei na kucha ndefu zimejikunja kama pembe za kondoo. Kwa hivyo kuna mtu ama kitu kilikuwa kinafanya hiyo kazi, halafu mahali fulani kwa historia ikaachwa, ikaangukia sisi.

Ukifuata hilo swali mpaka mwisho, utapata historia nzima ya vile mnyama wa Australia aliishia ndani ya tangi la kioo upande mwingine wa dunia. Na utapata pia sisi Wakenya tuko upande gani wa hiyo historia.

Tuanze na mjusi mwenyewe. Mjusi mwenye ndevu, yule ambaye watu wengi wanafuga, anaitwa na wanasayansi Pogona vitticeps. Kwao ni maeneo makavu ya ndani ya Australia: Queensland, New South Wales, kona ya kaskazini magharibi ya Victoria, South Australia, mpaka Northern Territory. Ndevu zake si nywele. Ni ngozi ya koo yenye miiba miiba ambayo anaifura na kuifanya nyeusi akikasirika ama akitaka kuonyesha mwingine nani ni mkubwa hapa.

Ako na miguu minne, kila mguu vidole vitano, kila kidole ukucha. Hesabu inafika 20. Na hizo kucha 20 ziko kazini kila siku. Asubuhi anapanda gogo, mwamba ama kigingi cha ua la shamba ndio aote jua, kwa sababu mwili wake hautengenezi joto lake wenyewe kama wetu. Jua likizidi anashuka, anatafuta kivuli. Kukiwa baridi anajificha chini, anakaa kimya kwa wiki nyingi. Jike akitaka kutaga mayai anachimba shimo kwa miguu ya mbele, anataga, halafu anafukia. Ukucha unashika gamba la mti, unakwaruza jiwe, unachimba udongo uliokauka kama matofali.

Ukucha umetengenezwa kwa keratini, ile ile protini ya kucha zako. Unakua kila siku, hauulizi kama unatumika ama hautumiki. Porini unakua na unasagika, unakua na unasagika. Jiwe linakula milimita, mti unakula milimita, na mwisho wa mwezi ukucha uko vile unafaa kuwa. Jibu la swali letu ndilo hilo. Aliyekuwa anamkata kucha ni nchi yake yenyewe, na hakuwa analipisha.

Na hii biashara ya kucha na Australia ni ya kale kuliko mtu anavyodhani. Mwaka 2025, jarida la Nature lilichapisha utafiti wa timu ikiongozwa na John Long wa Chuo Kikuu cha Flinders. Walikuwa wanasoma kipande cha jiwe kilichopatikana karibu na Mansfield, Victoria, na watu wawili wanaopenda tu kutafuta visukuku, hata si kazi yao. Kwa hilo jiwe kuna nyayo za mnyama mdogo aliyepita kwa tope miaka takriban milioni 355 iliyopita. Mbele ya vidole kuna alama za kucha. Kabla ya hapo, nyayo za zamani zaidi za aina hiyo zilikuwa za Kanada, na ni changa kwa zaidi ya miaka milioni 30. Kwa hivyo alama za kucha za kale zaidi tunazozijua za kundi hili la wanyama, lile ambalo baadaye lilizaa mijusi, ndege na sisi, ziko kwenye tope la Australia lililogeuka kuwa jiwe.

Kwa nini nasema na sisi? Juu hiyo keratini ni ya ukoo mmoja. Mwaka 2008 kikundi cha Leopold Eckhart huko Vienna kilionyesha kwamba mijusi wako na jeni zinazofanana na zile za keratini ya nywele za binadamu, na kwa yule mjusi mdogo wa kijani wa Marekani waliyemchunguza, baadhi ya hizo jeni zinafanya kazi kwenye vidole, pale kucha zinapotengenezwa. Yaani kabla kuwe na nywele duniani, malighafi yake ilikuwa tayari inatengeneza kucha. Ukienda kusuka na kubandika kucha siku moja, unahudumia watoto wawili wa mama mmoja.

Sasa turudi kwa mjusi wetu, tuone vile alitoka nyumbani.

Hatua ya kwanza ilikuwa jina. Mwaka 1829 Mfaransa Cuvier alimwelezea ndugu yake wa mashariki mwa Australia, yule anayeitwa leo Pogona barbata. Huyu wetu wa nchi kavu alingoja mpaka 1926, na aliyempa jina hakuwa Mwaustralia. Alikuwa Mjerumani, Ernst Ahl, mtaalamu wa makumbusho ya Berlin. Vitticeps ni Kilatini, maana yake kama mwenye kilemba ama utepe kichwani. Kumbuka makumbusho hayo hayo ya Berlin ndiyo yanaweka mifupa ya yule dinosaria mkubwa kutoka Tendaguru, kusini mwa Tanzania, iliyochimbwa kati ya 1909 na 1913. Enzi hiyo vitu vyetu na vya Australia vilikuwa vinapanda meli kuelekea upande mmoja. Jina Pogona, kutoka neno la Kigiriki la ndevu, lilikuja 1982 kutoka kwa Glen Storr, na huyu angalau alikuwa anafanya kazi makumbusho ya Western Australia.

Hatua ya pili ilikuwa mwili. Australia ilifunga mlango mapema kwa biashara ya kuuza wanyama wake wa asili nje ya nchi, na mwaka huo huo wa 1982 bunge lake likapitisha sheria maalum ya kudhibiti wanyamapori wanaoingia na kutoka. Lakini kufikia hapo mjusi mwenye ndevu alikuwa ashavuka. Inaaminika mababu wa hawa tunaowaona kwa klipu walitolewa Australia kimagendo kati ya miaka ya 1970 na mwisho wa miaka ya 1980. Walifika Ulaya, hasa Ujerumani, wafugaji wakawazalisha, na miaka ya 1990 wakawa wameshika soko la Marekani.

Hapo kuna kitu watu hawasemi. Huyu ni mmoja wa mijusi maarufu zaidi wa kufugwa duniani, anauzwa madukani waziwazi na risiti unapewa. Lakini ukirudi nyuma kwa ukoo wake, vizazi kadhaa tu, unafika kwa mtu aliyemficha akapita naye kwa forodha. Mnyama mwenyewe hana kosa. Hata anayemnunua leo kutoka kwa mfugaji hajavunja sheria ya nchi yake. Ila usiniambie hiyo historia imeisha, kwa sababu iko pale pale kwenye vidole vyake.

Kwa sababu walipombeba, hawakubeba jangwa. Walimtoa kwenye miamba na vigingi na udongo mgumu wakamweka kwa sakafu laini ya tangi: zulia, gazeti, kigae, kioo. Ukucha haukuambiwa kumehamwa. Unaendelea kukua kwa mwendo ule ule wa mnyama anayechimba na kupanda siku nzima. Jiwe la kuusaga haliko tena. Milimita zinajumlishana. Mwishowe ukucha unajikunja, unasukuma kidole kando, unanasa kwa kitambaa, mjusi akivuta mguu kwa nguvu ukucha unang'oka ama kidole kinavunjika. Kazi ya nchi nzima imebaki kwa mtu mmoja na kikata kucha.

Na hiyo kazi ina utaratibu wake, wacha niiweke wazi, juu klipu nyingi zinaruka sehemu muhimu.

Ndani ya ukucha kuna nyama hai yenye mshipa wa damu na neva. Inaanza kwa kidole inaelekea nje, halafu inaishia kabla ya ncha. Ukikata ncha, mjusi hasikii kitu, kama wewe ukikata kucha zako. Ukipita hapo, ni damu na ni uchungu, na siku nyingine hatakubali umshike. Kwa hivyo unakata kidogo sana, ile ncha kali peke yake. Ukucha ukiwa mweupe unaweza kuona mstari wa nyama. Ukiwa mweusi, unauangalia mbele ya taa ndio kivuli kionekane, na kama bado hauoni, unapunguza kwa msasa wa kucha badala ya kukata. Karibu nawe unaweka wanga wa mahindi, ule unga mweupe laini wa kufanya mchuzi uwe mzito. Damu ikitoka unabana ukucha ndani ya huo unga kwa muda, inaganda. Damu ikikataa kukoma, ama kidole kikivimba, hiyo ni ya daktari wa wanyama.

Mwili wote wa mjusi lazima uwe umeegemea mkono ama paja lako. Mnyama anayening'inia anaogopa na atapigana. Kidole unakishika kwa upole kando kando, hauvuti. Miguu ya nyuma ndiyo migumu, kidole cha nne ni kirefu kupita vingine.

Kuna adui mwingine hapo kwa vidole, na huyu ni mbaya kuliko urefu wa ukucha. Mjusi anajivua gamba vipande vipande, na kipande kinaweza kubaki kimezunguka kidole kama pete. Kikikauka kinakaza. Damu haifiki mbele, kidole kinakuwa cheusi, mwisho kinakatika na ukucha wake. Dawa ni kukagua vidole vyote 20 kila akimaliza kujivua, na kama kuna pete, unamwogesha kwa maji ya uvuguvugu ya kina kifupi ngozi ilainike itoke yenyewe. Kuivuta ikiwa kavu unaweza kutoa na ngozi mpya ya chini.

Halafu usidhani kucha ni mambo ya kucha tu. Mjusi akikosa mwanga wa UVB na kalisi, mifupa yake inalainika. Vidole vinatetemeka, miguu inapinda, kushika kunakuwa shida. Huyo unaweza kumkata kucha vizuri namna gani, tatizo liko kwa taa na chakula.

Lakini sehemu ninayoipenda zaidi ni hii: wafugaji wazoefu wanaweka jiwe. Bamba la jiwe lenye uso wa kukwaruza, ama tofali, pale pale chini ya taa anapotaka kuota joto. Wanaweka gogo la kupanda. Jike wanampatia sanduku la mchanga wenye unyevu achimbe. Na ghafla kazi ya kukata inapungua, kwa wengine inakaribia kuisha. Yaani baada ya safari yote hiyo, njia bora ya kutunza kucha za mjusi mwenye ndevu ni kumrudishia kipande cha pale mlipomtoa.

Watu wengine wameenda upande wa pili kabisa. Badala ya kumrudishia kwao, wamembadilisha yeye. Kwa matangi ya wafugaji kulitokea mijusi wenye magamba madogo, na ukizalisha wawili wa hivyo unaweza kupata wasio na magamba kabisa, laini kama hariri. Wanauzwa bei ghali juu wanapendeza kwa picha. Mwaka 2016 Nicolas Di-Poï na Michel Milinkovitch wa Chuo Kikuu cha Geneva walitumia hao mijusi kuonyesha kwamba magamba, manyoya na nywele zote zinaanza kwa njia moja tumboni mwa mama ama ndani ya yai, na kwamba jeni moja ikiharibika magamba hayatokei. Sayansi tamu sana. Lakini fikiria maisha ya mjusi asiye na magamba akiwa na kucha 20 zake mwenyewe. Akijikuna anajichana. Mwenzake akimpanda mgongoni ni jeraha. Kwa yeye kukata kucha kumekuwa kumzuia asijidhuru na mwili aliopewa na soko.

Sasa, kwani hii inatuhusu nini hapa Nairobi?

Kwanza, binamu yake yuko hapa. Yule mjusi wa kichwa chekundu anayepiga pushapu kwa ukuta wa jirani, na yule wa Maasai Mara wa rangi mbili ambaye watalii wanamwita Spider-Man, wako kwa familia moja na mjusi mwenye ndevu. Mcheki vizuri siku moja akiwa kwa mwamba. Kucha zake ziko sawa. Hakuna aliyemkata.

Pili, sisi tulishakuwa Australia ya hii hadithi. Mwaka 1972 vinyonga wa pembe tatu kutoka Kenya walisafirishwa mpaka kisiwa cha Oahu, Hawaii, kwa mwenye duka la wanyama. Walifika wamekonda, akawafungulia kwa uwanja wa nyumbani kwake wapate nguvu. Wakatawanyika. Leo wako msituni Hawaii, wanazaana, na watafiti wamewakuta na konokono wa miti wa huko tumboni, konokono ambao hawako kwingine duniani na ambao tayari walikuwa wanaisha. Mnyama aliyeondolewa kwao anaweza kuteseka, na anaweza pia kuwa mateso ya wengine.

Tatu, haijakoma. Mwaka 2025, hakimu wa mahakama ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta aliwatoza faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, ama jela miezi 12, vijana wawili wa Ubelgiji waliopatikana Naivasha na malkia wa sisimizi karibu 5,000 ndani ya mirija midogo. Sisimizi! Wengi wetu tulicheka. Lakini hiyo mirija ilikuwa inaelekea soko lile lile la watu wanaotaka kitu kigeni ndani ya kioo. Miaka ya 1970 kuna watu walicheka hivyo hivyo wakisikia mtu ameficha mijusi kwa begi, na leo hao mijusi wako sebule za watu mabara kadhaa.

Najua vile sisi watengenezaji wa kontenti tunafikiri. Mnyama ambaye hakuna mwingine mtaani anaye ni maoni ya bure. Kuna wale wananiuliza wapi wanaweza kupata mjusi hivi. Sitawaelekeza. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inataka kibali kufuga mnyama wa porini, hiyo ni moja. Lakini hata sheria ikikuruhusu, piga hesabu ya kucha. Mjusi mwenye ndevu anaweza kuishi miaka 10. Kucha 20, ukaguzi kila wiki chache, miaka 10, taa ya UVB ambayo inachoka na kubadilishwa, stima ikipotea usiku wa Julai. Klipu ni sekunde 30.

Simwambii mtu asipende mijusi. Mimi nawapenda. Na yule ambaye tayari yuko naye, mahali popote alipo, simhukumu, namwomba tu aweke jiwe chini ya taa leo jioni, ashike kila kidole akikague, akate ncha peke yake. Huyo mnyama hawezi kurudi Australia. Hana kwingine isipokuwa hapo kwake.

Ila wewe ambaye bado unatamani mmoja, nenda kwa mwamba wowote wenye jua, Athi River, Magadi, hata Lukenya, ukae hatua chache kutoka kwa mjusi wa hapo na simu yako. Atakuinulia kichwa, atapiga pushapu zake, atapanda wima kama hakuna mvutano wa ardhi. Hiyo ni kontenti. Na kucha zake jiwe litazishughulikia.